Kutoka Kisumu kwenda Chengdu: tutakula vipi chakula cha Sichuan bila kuumia?

Mwanaziwa, Kisumu

Habari zenu wanajukwaa. Mwezi ujao tunaondoka Kisumu watu watano kwenda Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan huko Uchina, kuangalia mashine za kusindika samaki. Wenyeji wetu wamesema jioni ya kwanza watatupeleka kula huoguo, ule mlo wa sufuria inayochemka katikati ya meza. Siku zitakazofuata tutakula hoteli za kawaida za Kisichuan.

Kundi lenyewe liko hivi: mmoja ana vidonda vya tumbo, mmoja ni Mwislamu, na mmoja akila njugu karanga hufura midomo na kubanwa pumzi. Wawili waliobaki hula chochote, ila pilipili tuliyozoea sote ni ile ya kwenye kachumbari, na anayetaka zaidi hujiongezea mwenyewe. Huko nasikia hainyunyizwi juu, imepikwa ndani kwa ndani.

Naomba wanaojua watufafanulie. Tuagize nini, na tumwambie nini mhudumu? Ile sufuria huliwa vipi, kila kitu kichemke kwa muda gani? Mdomo ukiwaka, mtu afanye nini? Sitaki kuwavunja moyo wenyeji kwa kukataa chakula chao, lakini pia sitaki mtu wangu alazwe hospitalini.

Mpishi wa Milimani

Ndugu Mwanaziwa, kwanza mwelewe kwamba ukali wa Sichuan ni vitu viwili. Kuna *la*, moto wa pilipili tunaoujua. Kisha kuna *ma*, yaani ganzi, na hiyo haitoki kwenye pilipili kamwe. Inatoka kwenye huajiao, maganda makavu ya tunda dogo la mti wa jamii moja na michungwa. Ukiliuma ganda, kwa sekunde chache husikii kitu. Halafu ncha ya ulimi na midomo vinaanza kuwashawasha na kutetemeka, mate yanajaa mdomoni, kisha ganzi inashuka. Watafiti wa London waliupima mtetemo huo mwaka 2013 wakakuta ni karibu mara 50 kwa sekunde. Hupita wenyewe baada ya dakika kumi hivi, haudhuru. Lakini asiyeambiwa mapema hudhani amelishwa sumu, kwa hivyo waambie wenzako kabla hamjaketi.

Pili, ogopeni mafuta kuliko pilipili mnazoziona. Kapsaisini, kile kitu kinachochoma ndani ya pilipili, huyeyuka kwenye mafuta wala si kwenye maji. Mpishi wa Sichuan hukaanga pilipili kavu na huajiao kwa moto mdogo mpaka mafuta yageuke mekundu, na mafuta hayo ndiyo yanayobeba ukali kwenye kila kipande. Ndiyo maana kutoa pilipili moja moja kwenye sahani hakupunguzi kitu. Kinachosaidia ni kuinua kipande kwa vijiti, kukiacha kichuruzike ukingoni mwa bakuli kubwa, kukigusisha kwenye wali mkavu ili uvute mafuta yaliyobaki, ndipo ukile. Mchuzi wenyewe hauliwi. Wenyeji hawaunywi, wala hawaumwagi kwenye wali.

Vyakula viwili huwanasa wageni. Cha kwanza ni shuizhuyu. Programu ya kutafsiri itakuonyesha «samaki wa kuchemshwa kwa maji», na mwenye vidonda ataagiza akidhani amepata kitu laini. Kinacholetwa ni beseni la minofu iliyolala chini ya mafuta mekundu, na kabla ya kufika mezani imemwagiwa mafuta ya moto juu ya pilipili kavu na huajiao mpaka vikachakarika. Tena samaki wa maji baridi wa huko mara nyingi ana miiba midogo kama ya ningu, na mtu aliyekufa ganzi ulimi haisikii. Akiwepo anayetaka kuijaribu, ale pole pole na aitafute miiba kwa vijiti kwanza, asiitegemee midomo.

Cha pili ni laziji, vipande vidogo vya kuku vilivyozikwa ndani ya kilima cha pilipili kavu zilizokaangwa. Pilipili zile haziliwi. Kazi ni kuchimba kuku na kuacha zingine zote kwenye sahani. Kuku huwa amekatwakatwa pamoja na mifupa, basi tafuneni kwa uangalifu.

Visivyo na pilipili vipo tele, hata Sichuan kwenyewe: fanqie chao jidan (nyanya na mayai ya kukaanga), zhengdan (mayai ya mvuke, laini kabisa, hicho ndicho cha mwenye vidonda), zhangchaya (bata aliyefukizwa kwa moshi wa majani ya chai), mboga za majani za kitunguu saumu, na supu ya nyanya na mayai. Kwa watu watano agizeni sahani sita pamoja na supu: mbili za pilipili, tatu zisizo nazo. Sahani huwekwa katikati na kila mtu hujichotea, kwa hivyo hakuna atakayeonekana amekataa chakula cha wenyeji. Wali agizeni mwanzoni kabisa, la sivyo utaletwa mwishoni.

Msitegemee matamshi. Andikeni maneno haya kwenye simu, kwa maandishi makubwa, kisha mumwonyeshe mhudumu:

不要辣 (bu yao la): bila pilipili
不要花椒 (bu yao huajiao): bila huajiao
微辣 (wei la): pilipili kidogo

Hayo mawili ya kwanza ni maombi tofauti. Ukisema bila pilipili tu, huajiao inaweza kubaki.

Lanet_Nakuru

Mpishi amesema vyema. Mimi nitashika upande wa huoguo, maana hapo mpishi ni wewe mwenyewe.

Agizeni 鸳鸯锅, yuanyang guo, sufuria iliyogawanywa na ukuta wa chuma katikati: upande mmoja mchuzi mwekundu, upande wa pili mchuzi mweupe, wa nyanya au wa uyoga. Bila kuitaja, mnaweza kuletewa nyekundu tupu. Mchuzi mwekundu wa asili, hasa ule wa Chongqing, jiji jirani, hutengenezwa kwa shahamu ya ng'ombe, pilipili kavu, huajiao, tangawizi, kitunguu saumu na doubanjiang, ambayo ni maharagwe mapana yaliyovundikwa na pilipili. Chengdu hutumia zaidi mafuta ya mimea, kwa hivyo mchuzi wake huwa mwepesi kidogo.

Sasa muda, na hapa ndipo wageni hukosea kwa pande zote mbili. Hesabu inaanza mchuzi ukiwa unachemka kwa nguvu. Ukitupa sahani nzima ya nyama kwa mara moja, mchuzi unapoa, hesabu yako yote inaharibika, na nyama inatoka ngumu nje na mbichi ndani. Weka kidogo kidogo.

Matumbo ya ng'ombe ya majani, maodu, ndiyo fahari ya meza. Yamekatwa mapana na membamba sana. Usiyaachilie kwenye sufuria. Yashike kwa vijiti, yazamishe, yainue, yazamishe tena, kwa jumla sekunde 15 hivi. Yakijikunja pembeni na vile vinundu vyake kusimama, yameiva, na yatakatika kwa meno. Ukiyaacha dakika mbili yanakuwa mpira, na ukitaka kuyalainisha tena itabidi uyachemshe kama tunavyochemsha huku nyumbani. Utumbo wa bata ni hivyo hivyo, sekunde 10 hadi 15.

Nyama ya kondoo iliyokatwa kama karatasi ni nusu dakika, rangi nyekundu ikiisha toa. Nyama ya ng'ombe iliyopakwa wanga inataka dakika moja mpaka mbili, na isikorogwe mapema, maana wanga utaachana na nyama na kuuchafua mchuzi. Viazi na mzizi wa yungiyungi dakika tatu hadi tano. Damu ya bata iliyogandishwa hukaa hata dakika kumi. Asiyeitaka aseme mapema, isiwekwe. Madonge ya nyama yakielea, yape dakika nyingine mbili au tatu, kwa sababu nje huiva kabla ya ndani. Kuku mnene akatwe ndani kwa vijiti muone kama hana wekundu.

Tafadhali, mboga za majani msiziweke upande mwekundu. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wa sukuma wiki hukimbilia mboga wakidhani ndiyo sehemu salama. Jani limejaa mikunjo, linabeba mafuta yote yanayoelea juu. Tofu (jibini la soya) iliyogandishwa kwenye friza ni mbaya zaidi, ina vitundu kila mahali, na ukiuma kipande kimoja mafuta ya moto yanakurukia kooni. Tonge kali kuliko zote mezani huwa ni hizo mbili, si nyama. Majani na tofu vipelekeni upande mweupe.

Kibakuli cha kuchovya ni sehemu ya mapishi, si pambo. Huko hutumia mafuta ya simsim: kopo dogo moja kwa mtu mmoja, kitunguu saumu kilichopondwa kijiko kimoja kikubwa au zaidi, dania, chumvi kidogo, na siki ukipenda. Mafuta hayo yanakipoza kipande kilichotoka kwenye mchuzi unaochemka na kuyaosha yale mafuta mekundu yabaki kwenye kibakuli. Kibakuli kikishageuka chekundu, badilisha. Watu wanaendelea na kile kile mpaka mwisho, kisha wanashangaa mbona ukali unazidi.

Ukali unazidi pia kwa sababu nyingine: maji yanapungua kadiri sufuria inavyochemka, na chumvi, mafuta na pilipili vinabaki. Baada ya nusu saa mwambieni mhudumu 加汤, jia tang, aongeze mchuzi, na mpunguze moto. Kuleni upande mwekundu mwanzoni, mkimalizia na mweupe.

Vijiti vya kushikia nyama mbichi visiwe vya kulia. Ombeni jozi za ziada, ziwekwe kando ya sahani za nyama.

Mwanaziwa, Kisumu

Asanteni sana, kaka zangu. Sijawahi kuona mtu akieleza matumbo namna hii. Swali moja hapo: huyu wa njugu, na huyu wa vidonda, wanaweza kukaa meza hiyo ya huoguo au niwaombe wenyeji wabadilishe mpango? Na Mwislamu wetu atatosheka na ule upande mweupe?

Nesi Kakamega

Dada au kaka Mwanaziwa, nianze na wa njugu kwa sababu yake ndiyo ya hatari.

Tatizo si sufuria tu, kubwa zaidi ni meza ya viungo. Hoteli nyingi za huoguo zina meza ya kujichotea, na bakuli la njugu zilizopondwa huwa hapo hapo kando ya dania na kitunguu saumu. Kijiko kinahama kutoka bakuli moja kwenda jingine. Tena ile rojo ya simsim mara nyingi huchanganywa na rojo ya njugu. Yeye asiende kabisa kwenye ile meza. Achukue kopo la mafuta ya simsim lililofungwa, asome orodha ya vilivyomo (neno la kutafuta ni 花生, njugu karanga), na kitunguu saumu aombe kiletwe kutoka jikoni. Kwenye hoteli za kawaida ahepe gongbao jiding, ambayo ni kuku na njugu, pamoja na tambi za dandan na saladi baridi za mafuta ya pilipili, ambazo hunyunyiziwa njugu juu. Awe na kadi iliyoandikwa 我对花生过敏, «njugu hunidhuru», na aulizie pia mafuta ya kupikia.

Sasa ile ganzi aliyoeleza Mpishi. Mtu mwenye mzio, yaani mwili wake hukataa njugu, dalili yake ya kwanza mara nyingi huwa ni kuwashwa midomo. Huajiao nayo huwasha midomo. Kwa hivyo yeye aombe chakula bila huajiao, kila mlo, ili asipoteze ile ishara ya mapema. Nanyi mnaoketi naye jueni tofauti. Huajiao haifurishi. Midomo au macho yakianza kuvimba, vipele vikitoka mwilini, sauti ikikwama, pumzi ikianza kupiga filimbi au akitapika na kulegea, hiyo si huajiao. Kama daktari amempa sindano ya adrenalini, apigwe pajani papo hapo, alazwe miguu ikiwa juu (akishindwa kupumua akiwa amelala, aketishwe), na mpige 120, nambari ya ambulensi ya Uchina. Sindano ikae mfukoni mwake, isiachwe hotelini kwenye begi. Tembe za kuondoa muwasho pekee hazitoshi pumzi ikishabanwa.

Mwenye vidonda: pilipili haisababishi vidonda, vingi huletwa na bakteria wa tumboni au dawa za maumivu kama ibuprofeni na aspirini. Lakini palipo na kidonda pilipili inachokoza, na mlo wa mafuta mengi usiku unachelewa kutoka tumboni. Kama kidonda bado kinauma, upande mwekundu si wake hata kwa kuonja. Aende kliniki kabla ya safari, abebe dawa zake za siku zote na za ziada, asile akiwa na njaa ya kutwa nzima, na asilale mara tu baada ya mlo. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, au akitapika damu, ni hospitali usiku huo huo.

Mdomo ukiwaka: maji hayasaidii, yanaeneza tu. Soda na bia zinazidisha, ule mvuke wa gesi unachoma juu ya moto. Maziwa yanasaidia, protini yake ya kaseini inaing'oa kapsaisini kutoka kwenye ulimi. Yazungushe mdomoni kidogo kabla ya kumeza. Maziwa lala au yogati ni bora zaidi kwa sababu ni mazito, na yogati inauzwa kwenye maduka madogo kila mahali, inunueni kabla ya kuingia hotelini. Pakikosekana maziwa, wali wa kutafuna au kijiko cha sukari. Kinywaji cha kuagiza ni suanmeitang, maji ya plamu yenye utamu na uchachu, baridi. Chai ya moto ambayo hutolewa bure iacheni mpaka mdomo upoe.

Msijifute macho wala pua kwa vidole. Kapsaisini mkononi huondolewa kwa sabuni, si kwa maji matupu.

Kuhusu kuharisha asubuhi yake: kwa asiyezoea ni kawaida, huisha kwa siku moja. Bebeni pakiti za ORS (unga wa kurudisha maji mwilini), mchanganye kila moja na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Bila pakiti, lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vipimwe sawa bila kilima. Ikija na homa au damu, hiyo haikuletwa na pilipili, mwone daktari.

Abu Mumias

Assalaam alaikum. Kuhusu Mwislamu wenu, upande mweupe hautamtosha. Mchuzi mweupe wa huoguo kwa kawaida hutokana na mifupa ya nguruwe, au nguruwe pamoja na kuku. Shahamu ya upande wa pili ni ya ng'ombe, lakini hajachinjwa kwa sheria. Na ukuta wa katikati hauzuii vijiti vya watu wanne kuvuka.

Jambo rahisi ni kuwaandikia wenyeji leo, si siku ya kufika, kwamba kundi lina Mwislamu, na muwaombe hoteli yenye alama 清真, qingzhen. Ni hoteli za Waislamu wa huko, na zipo zinazopika huoguo ya ng'ombe na kondoo yenye pilipili ile ile. Wenyeji hawataona ubaya. Ni jambo wanalolijua. Chengdu kuna Msikiti wa Huangcheng karibu na uwanja wa Tianfu, na hoteli za halali zipo maeneo hayo. Siku za haraka, tafuteni maduka ya tambi za Lanzhou: tambi za kuvutwa kwa mikono, supu ya ng'ombe, na mafuta ya pilipili huwekwa juu mwishoni, kwa hivyo ukisema bu yao la unapata supu safi. Hapo hata mwenye vidonda atashiba.

Kwenye hoteli isiyo ya halali, neno «nyama», 肉, likiandikwa peke yake maana yake ni nguruwe. Mishiri mikavu ya kukaanga, ganbian sijidou, inaonekana ni mboga tupu lakini mara nyingi imechanganywa na nguruwe wa kusagwa. Mapo tofu kwa asili ni ya ng'ombe, ila wengi huweka nguruwe. Na mboga zinaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, 猪油. Kuuliza «kuna nguruwe?» hakutoshi, uliza na mafuta.

Shinyalu Safarini

Nakubaliana na wote, ila naomba nimkosoe Mpishi kidogo kwenye *wei la*. Kipimo hicho ni cha wenyeji. Pilipili kidogo ya Chongqing ni kali kwa mtu wa kachumbari, na hoteli nyingi za huoguo huko hiyo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya mchuzi mwekundu. Mkifika Chengdu anzeni na sufuria ya pande mbili yenye wei la, na aliyeiweza ndiye aongeze siku ya pili. Kama mtapitia Changsha, mji mkuu wa jimbo la Hunan, ujue chakula cha Hunan ni kikali bila ganzi: pilipili mbichi na za kuchachushwa, hakuna kinachoutuliza ulimi, kwa hivyo moto unasikika wote.

Malipo na menyu: hoteli nyingi zina msimbo wa kuskani juu ya meza, na menyu inafunguka kwenye simu kwa Kichina. Wekeni Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, mkiwa bado Kisumu, muunganishe kadi ya Visa au Mastercard hapo hapo, kwa sababu benki itatuma nambari ya kuthibitisha kwenye laini yenu ya Kenya. Kwa kadi ya kigeni malipo yasiyozidi yuani 200 hayana ada, yakizidi ni asilimia 3. Pakueni pia lugha ya Kichina kwenye programu ya kutafsiri iweze kufanya kazi bila intaneti, maana Google haifunguki kwenye mtandao wa kawaida wa huko. Noti ndogo ndogo za yuani 10 na 20 ziwe mfukoni. Bahashishi haitolewi.

Asubuhi baada ya huoguo agizeni zhou, uji wa mchele usio na sukari, na doujiang, maziwa ya soya ya moto. Zile mandazi za mvuke, baozi, nyingi zina nguruwe ndani. Za mboga huandikwa 素. Hata hizo za mboga, yule wa njugu aulize kwanza.